Gia ya Pili Mpaka Juu

Gereji, nyuma ya kituo cha mafuta,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limekupa nafasi ya kupumua. Mkaza mjomba hajambo? Huku hatujambo, isipokuwa dada yako, na hata yeye sasa ana nafuu. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza kila nikianza habari za gia.

Unajua Mama alivunjika nyonga alipoteleza bafuni. Alifungwa vyuma, akaambiwa aende mazoezi mara mbili kwa wiki, la sivyo asitegemee kutembea tena. Kliniki ina gari la wagonjwa, lakini iko juu ya mlima, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Gari lile liliwekewa giaboksi ya otomatiki ya gari jingine, ikafungiwa kompyuta ndogo ya kuamua lini gia ibadilike. Fundi anaweza kuipanga mwenyewe kwa laptop. Aliyeifunga aliiacha vilevile ilivyotoka kwenye boksi lake, akaenda zake. Basi mlimani gari likawa linaingia gia ya tatu, linarudi ya pili, linaingia tena ya tatu, na kila mara kishindo. Safari ya tatu Mama akagoma.

"Afadhali nilale hapa," alisema, "kuliko kurushwarushwa kama gunia."

Siku kumi na mbili hakwenda. Mguu ukaanza kukakamaa, na kila nikimwosha nikaona jinsi anavyoficha uso ukutani.

Nikaenda kwa msimamizi wa kliniki kuomba gari kwa siku mbili. Alinitazama kuanzia viatuni, akauliza fundi nitakayekuja naye ni nani. Nikamwambia, "Nimeshakuja naye. Ni mimi." Alifikiri kidogo, akanipa funguo.

Mara ya kwanza nilikosea, Mjomba, nakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Nilidhani dawa ya kishindo ni kupunguza presha ya oili inayobana klachi za ndani. Kweli kishindo kilipungua, lakini gia ikaanza kuteleza, oili ikapata joto, na katikati ya mlima tukasikia harufu ya kuungua. Dereva, ambaye wote tunamwita Taratibu ingawa hajawahi kwenda taratibu maishani mwake, aliegesha pembeni akazima injini.

"Dada," akasema, "ukiliua hili, kesho mimi sina kazi."

Aliongea kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma. Nilirudisha presha ilipokuwa.

Kisha nikatulia na laptop magotini, Taratibu akiendesha, nikasoma namba badala ya kubahatisha. Nikaona ugonjwa. Gia ya tatu ilipangwa kuingia kwenye kilomita thelathini kwa saa, na kurudi ya pili kwenye ishirini na nane. Tofauti ya kilomita mbili tu, na mwendo wetu mlimani ni huohuo. Gari likiongeza kidogo linapanda gia, likichoka kidogo linashusha. Halikuwa bovu, lilikuwa linatii amri mbaya.

Nikapanga kwamba mguu ukikanyaga mafuta hadi nusu, gia ya tatu isubiri kilomita arobaini na mbili, na isirudi ya pili mpaka ishirini na sita. Chini ya mlima kuna kona kali, hivyo gari linaanza kupanda likiwa tayari kwenye ya pili. Sasa linabaki humohumo mpaka juu. Tulipanda mara sita, ndoo ya maji ikiwa juu ya machela. Maji yalimwagika kwenye tuta la getini tu, na tuta si kazi yangu.

Kumshawishi Mama kulikuwa kugumu kuliko gia. Nilimwambia, "Twende leo tu. Ukiumia, sitakuomba tena." Nilimaanisha, na alijua namaanisha.

Nilikaa ubavuni pake. Kwenye kona alinishika mkono, akaubana hadi vidole vikafa ganzi, macho ameyafumba, anasubiri kupigwa. Injini ikavuta kwa sauti moja. Tukapita nyumba za kwanza, tukapita tangi la maji. Akafumbua jicho moja, akanitazama, kisha akauachia mkono wangu ili afunge vizuri mtandio wake.

Taratibu alitutazama kwenye kioo, akaendelea kupanda.

Ameshakwenda mara tano. Alhamisi alitembea na fremu yake ya kutembelea kutoka kitandani hadi sebuleni, akakaa, akaanza kulalamika kwamba vumbi limejaa kwenye kabati. Msimamizi naye ameniletea gari la pili.

Msalimie sana mkaza mjomba, na mapacha wako wote wawili, hata yule asiyejibu ujumbe wangu. Mungu awatunze nyumbani mwenu, akuongezee afya na miaka.

Mama yupo hapa pembeni, ananiambia niandike kwamba uje ujionee mwenyewe. Anasema ukibisha hodi, atakufungulia yeye.

Ni mimi nikupendaye,
Mpwa wako, fundi.