Mistari Niliyompa Aflah

Jumamosi, 5 Oktoba 2002

Saa ya chai ofisini, Wijdan alisimama katikati ya chumba akatusomea shairi. Msichana mgeni huyu, amehamishiwa kwetu Al Khuwair kutoka Sohar, hajamaliza hata mwezi. Ameposwa, harusi kabla ya Ramadhani. Mchumba humsomea mistari hii kwenye simu, naye keshaihifadhi:

Sina shamba wala paa la kukuahidi,
nina mvua ya kwetu na jina langu.
Kaa humo mpaka ikatike.

Wenzangu wakapiga vigelegele. Mimi chai ikanipalia.

Shairi ni la bibi mmoja wa Ayalandi. Lakini Kiswahili ni changu! Nilikitia mimi, tukiwa wanafunzi Dublin, kwenye kituo cha basi, mwavuli umepinduka na Aflah anacheka. Mistari hiyo sikuiandika popote. Nilimwambia yeye peke yake. Siku ya pili akanisomea kwa moyo, na kwa mistari hiyo akaniposa.

Mume wangu! Aflah wangu!

Jumapili, 6 Oktoba

Nimemuuliza Wijdan ni nani huyo mchumba, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu.

"Mtu mzima, dada Zakiya. Ana duka la magari Wattaya. Ana mke, sikufichi. Kanambia mkewe mkavu, mashairi hayapendi."

Mkavu — mimi! Nilikwenda msalani nikauma mtandio nisipige kelele. Wijdan hajui kitu. Huku kila mwanamke anabaki na jina la babake, atanijuaje?

Najua ana ruhusa ya kuoa. Sihitaji kukumbushwa. Angeniambia usoni ningelia, ningevunja sahani, nikajua moja. Lakini kumposa mwenzangu kwa maneno yangu! Hata uongo wake ameshindwa kuutunga mwenyewe.

Chakula cha jioni Aflah aliongeza samaki mara mbili. Akasema nimekuwa kimya. Nikasema kichwa. Akasema nimeze Panadol.

Jumanne, 8 Oktoba

Nilimpigia mama. Kasema nisithubutu kumuuliza, mke mwenye heshima hajui kitu mpaka mume aseme. Nikakata simu. Sijawahi kumkatia mama simu.

Heshima! Yangu, au ya nani?

Mchana Wijdan akaja mezani kwangu. Anaona haya — anasomewa shairi kila siku na hana la kujibu. Kwetu shairi halipokewi bure, linajibiwa.

"Wewe umesoma ng'ambo, dada. Nitungie jibu, nisiaibike miye."

Nilitaka kumfukuza. Nikamtazama — uso mweupe, hauna khiyana. Hasira ninayo, na huyu siye wa kumtupia.

Nikamwambia jibu limo mle mle shairini. Mistari mitatu ya mwanzo anasema mwanamume, na ndiyo inayopendwa. Kule Ayalandi niliiona hata kwenye kadi za harusi. Halafu mwanamke anajibu, na hapo hakuna anayefika. Sikumwambia kuwa Aflah kitabu chenyewe hakukifungua. Nikalitia Kiswahili jibu hilo pale pale:

Nikakaa. Mvua ilipokatika nikaona:
paa lilikuwa mgongo wangu.

Wijdan akakunja uso. "Mbona ya huzuni, dada?"

Msomee hivyo hivyo, nikasema. Umuulize maana yake. Akikuuliza nani kakufunza, nitaje.

Sikumdanganya. Wala sikumwambia kweli, na hilo limenikaa vibaya. Lakini anastahili kusikia atakachojibiwa kabla hajaingia nyumba hiyo.

Jumatano, 9 Oktoba

Baada ya Magharibi. Naandika jikoni, wali uko motoni. Aflah yumo majlisi, chumba cha wageni, na simu yake, mlango hakuufunga vizuri. Siku hizi anajiamini!

Anasoma. Sina shamba wala paa... Ile sauti. Nilidhani imekufa, kumbe alikuwa anamwekea mtu mwengine. Nimelikamata sufuria kwa mkono mtupu na sikuhisi moto.

Anasikiliza.

"Hebu yarejee."

Anaisikiliza tena.

"Maana yake? ... Nani kakufunza hayo?"

Sasa anasema polepole, "Zakiya? Zakiya yupi?"

Nikaitika, kwa sauti, kama nilivyofunzwa kumuitikia mume:

"Abee!"

Mlango umefunguka. Kasimama pale, simu ingali sikioni. Ananitazama ninavyoandika. Siinyanyui kalamu. Mimi simuanzii. Leo ataanza yeye, na kwa maneno yake mwenyewe —