Pua Yangu, Mdomo wa Mamdogo

Jumapili, 4 Agosti

Tumefika! Saa nane mchana basi limetutema, mimi na Mamdogo na begi moja ambalo zipu yake imekufa njiani. Harufu ya kwanza ya mji huu: vitunguu kwenye mafuta mapya. Halafu vumbi lililomwagiwa maji. Halafu, kwa mbali, nyuma ya hayo yote, kitu kitamu kama mkate uliolowa. Sijui ni nini. Nitakijua tu. Mambo ya pua hayanitishi hata kidogo.

Mdomo ndio kesi.

Niandike masharti hapa nisije nikajifanya nimesahau. Nimepata nafasi kwenye chuo cha hapa, sayansi ya vyakula. Mwisho wa kuthibitisha ni Ijumaa. Mama anasema mtoto wa miaka kumi na saba ambaye hajawahi kuagiza hata chai kwa mdomo wake mwenyewe ataishije peke yake kwenye mji wa watu? (Kweli. Nyumbani Kaka ndiye huniagizia. Ananiita Bubu, lakini huniagizia.) Basi siku sita hizi Mamdogo, mdogo wake Mama, ananizungusha niuone mji na nile humo. Ijumaa jioni anampigia Mama. Akisema "anaweza", Mama anathibitisha. Akisema "bado", nabaki nyumbani nasoma uhasibu kwenye chuo cha jirani. Uhasibu!

Na Mamdogo ni nesi. Mgonjwa akimuuliza kama sindano inauma, anajibu inauma. Huyo ndiye shahidi wangu.

Jioni tumekula samaki na viazi. Mhudumu akasimama na kijitabu chake. Nikamnong'oneza Mamdogo, naye akaagiza kabla hajakumbuka. Tukatazamana.

"Hiyo tusamehe," akasema. "Huo ni uchovu wa safari."

Jumatatu, 5 Agosti

Chuo ni kizuri. Nimechungulia dirishani kwenye maabara: meza nyeupe, vikombe vidogo vimepangwa mistari, kila kimoja na mfuniko wake. Watu wanalipwa kunusa! Nilibandika uso kwenye kioo mpaka kikapata ukungu.

Mchana, duka la tambi mtaa wa nyuma. Ukutani wamebandika picha za vyakula. Nikaona, hapa nimeokoka! Nikanyoosha kidole: kile. Tambi zikaja, na mchuzi wa nyanya ambao mpishi wake aliunguza vitunguu saumu kidogo halafu akaficha kwa sukari. Nikamwambia Mamdogo. Akaonja mara tatu, akacheka.

Lakini mlangoni akasema, "Kidole si mdomo, mama."

Nilidhani hakuona.

Jumanne, 6 Agosti

NIMEAGIZA! Kwenye tanuri la mikate, mashine ya kukandia ilikuwa inanguruma kama lori kwenye mlima. Mwoka mikate, mzee mwenye unga hadi kwenye nyusi, akaweka mkono sikioni. Mamdogo alikuwa nje kwenye simu. Nyuma yangu foleni. Nikapiga kelele: "MKATE WA NGANO NZIMA! WA MOTO!" Na sekunde hiyo hiyo mashine ikazimwa. Duka zima likageuka. Nadhani hata mtaa wa pili wanajua ninataka mkate wa namna gani.

Mzee akasema, "Nimesikia, binti. Hata marehemu wamesikia."

Nimekula mkate wote nimekaa ukingoni mwa barabara, masikio yanawaka. Mkate wa ajabu. Ganda lake linanukia kahawa.

Mamdogo amekubali nusu. "Ile mashine ndiyo iliyokusemesha," amesema. "Nataka siku useme na hakuna kelele ya kujifichia."

Jumatano, 7 Agosti

Nimeijua ile harufu ya mkate uliolowa! Ni kimea. Nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa, sasa inachemshwa kwenye sufuria kubwa kuliko chumba chetu cha gesti. Kuna mama anapika bia mwenyewe, mitaa miwili kutoka chuoni, ndani ya jengo lililokuwa gereji. Lile shimo la kukagulia magari bado lipo. Amelifunika kwa kioo kinene, na chini yake mapipa yamelala kama wagonjwa wodini. Unakunywa huku umekanyaga bia.

Nyumbani wanajua Mamdogo anakunywa soda. Basi. Sitaandika zaidi.

Mwenyewe nimempa jina Mama Mapipa. Mabuti ya mpira ya njano, penseli kwenye nywele, sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka ng'ambo ya uwanja. Ana bia tano, anaziita kwa namba tu. Mamdogo akamuuliza mbona hazina majina. "Mtoto mwenye jina utamhurumia," akasema. "Namba ikiharibika, unaimwaga."

Aliniangalia mara moja, akaniletea soda ya tangawizi anayotengeneza hapo hapo. "Wewe hujafika kumi na nane, huonji. Ila kunusa, nusa mpaka uchoke. Pua hawajaiwekea sheria."

Zikaja glasi tano ndogo kwenye ubao. Nikanusa. Jamani! Namba Moja ina ndizi mbivu na karafuu, na hakuna aliyetia ndizi wala karafuu, ni hamira tu inafanya kazi yake! Namba Tatu ina asali na ganda la mkate. Namba Nne, moshi wa karatasi na chungwa lililomenywa sasa hivi. Nilishindwa kuvumilia. Nikamnong'oneza Mamdogo moja moja, na Mamdogo akayasema kwa sauti moja moja. Kama tulivyofanya tangu nina miaka mitano, kwa daktari, kwa mwalimu, dukani. Mimi nasema sikioni, yeye anatangaza.

Mama Mapipa akaweka kitambaa chini. "Dada, umesomea wapi?"

"Aah, ni hivyo tu," Mamdogo akajibu.

Ni hivyo tu!!

"Ijumaa asubuhi gari linapeleka Namba Tatu kwenye mabaa ya wanafunzi," Mama Mapipa akasema. "Mimi nimeizoea, siinusi tena, ni kama mtu na nyumba yake. Njoo uninusie kabla halijaondoka. Na ukihamia mji huu, dada yangu, kila wiki nina kiti chako hapa." Halafu akanigeukia mimi, kwa upole kabisa: "Na mdogo aje. Tangawizi ipo."

Njiani nilitangulia hatua kumi mbele yake. Si aibu safari hii. Wivu! Nimemwonea Mamdogo wivu kwa pua yangu mwenyewe. Kile kiti ni changu.

Tulipofika chumbani Mamdogo akakaa kitandani akavua viatu. "Nimekosea. Nimependa kusifiwa, nikanyamaza. Lakini na wewe umenirudisha ulipokuwa darasa la kwanza." Kisha akasema pole pole, kama anavyosoma cheti cha dawa: Ijumaa mimi mwenyewe nitamwambia Mama Mapipa kwamba pua ni ya nani. Nikisema, anampigia dada yake anamwambia naweza. Nisiposema, anamwambia alichokiona.

Nimejaribu kitu kibaya. Nimeandika kwenye kipande cha karatasi, kwa sababu kusema nisingeweza: *Na mimi nimwambie Mama kuhusu glasi tano?*

Amesoma. Amekunja karatasi vizuri. "Mwambie. Nitasema ndiyo, nilikunywa, na ya nne ilikuwa tamu."

Hashikiki huyu mwanamke.

Alhamisi, 8 Agosti

Mvua. Mamdogo alilowa jana jioni akitafuta machungwa, na leo ana mafua, pua imeziba kabisa. Anaongea kama mtu aliye ndani ya ndoo.

Chai ya gesti leo haifai. Inanukia bwawa la kuogelea. Mwenye gesti anasema juzi bomba kubwa lilipasuka, wamelitengeneza, na tangu jana usiku wanatia dawa nyingi kwenye maji. Itaisha, anasema. Mamdogo amekunywa vikombe viwili, hakusikia chochote.

Mchana, mgahawa wa pembeni mwa maktaba ya chuo. Kimya kama mtihani. Hakuna mashine, hakuna picha ukutani. Mhudumu kijana mwenye miwani. Mamdogo akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Nikasema: "Naomba supu ya dengu, isiwe na pilipili, na mkate pembeni."

Sentensi nzima! Ina koma! Akajibu "sawa dada," akaondoka, kana kwamba ni jambo la kila siku. Kumbe kwao ni la kila siku. Mamdogo akapenga kamasi kwa furaha.

Sasa najizoeza mbele ya kioo cha bafuni, kioo ndiye Mama Mapipa. *Mama, siku ile mimi ndiye niliyenusa.* Shuleni nimefundishwa kusema mbele ya darasa kwa lugha ya shule, na mitihani ya kusema nilipata alama nzuri, kwa sababu yale yalikuwa maneno ya watu wengine. Haya ni ya kwetu. Haya yanatoka na kitu ndani yake. Lakini nitasema. Nimeyasema mara kumi na moja na kioo hakikucheka.

Ijumaa, 9 Agosti

Saa mbili asubuhi. Nimekula mayai. Nimetulia. Naweza.

Saa tatu na robo. Niko kwa Mama Mapipa, kwenye stuli karibu na lile shimo, na naandika haraka sana. Nianze mwanzo.

Tulikuta gari mlangoni, limepakiwa mapipa ishirini ya Namba Tatu, dereva ameshawasha injini. Mama Mapipa alikuwa na glasi mbili. Huo ndio utaratibu wake: moja anachota kutoka tangini, moja kutoka pipa lililojazwa, anaziweka pamoja. Ni bia ile ile. Lazima zifanane. Akampa Mamdogo.

Ile sentensi ya kioo nilikuwa nayo mdomoni tayari. Mamdogo akaninyamazisha kwa macho, nadhani alitaka amalize adabu kwanza. Akanusa. Na pua ile! "Nzuri," akasema. "Ndizi na karafuu."

Hiyo ni Namba Moja!! Alikariri ya Jumatano. Mama Mapipa akakunja uso kidogo, kwa heshima, kama mtu aliyesikia mgeni akikosea jina la mwenye nyumba. Hakusema kitu. Akamwashiria dereva kwa kidevu.

Mimi nikachukua glasi zote mbili nikanusa. Ya tangi: asali, ganda la mkate. Ya pipa: asali, ganda la mkate, na plasta. Plasta ya kidonda, mpya, ukiichana tu kwenye karatasi yake. Nikanusa tena. Ipo. Na hapo hapo nikaikumbuka chai ya gesti: ile dawa ya maji, labda ndani ya bia inageuka hivi.

Nikamwendea Mamdogo sikioni. Sikufikiri, miguu ilienda yenyewe. Na Mamdogo – sitamsahau maisha yangu yote – akatoa leso akaziba sikio. Sikio, si pua! Akatazama dari.

Dereva akapiga honi.

Nikasema, "Ya pipa ina plasta."

Dereva akacheka. "Plasta? Kwani nani kaumia?"

"Nani amesema?" Mama Mapipa aliuliza bila kugeuka.

Mamdogo bado anahesabu mbao za dari.

"Mimi."

Akageuka. Yale mabuti ya njano yakaja mpaka mbele yangu. Nikaona nikinyamaza hata kidogo sitaanza tena, kwa hiyo nikayamwaga yote: kwamba Jumatano mimi ndiye niliyenusa, Mamdogo alikuwa anasema tu. Kwamba leo ana mafua. Kwamba maji ya mji yana dawa tangu juzi usiku. Na halafu nikamuuliza swali, mimi, mtu mzima kama yule: "Mapipa uliyasuuza na maji gani?"

Akafikiri. "Ya kupikia yanapita kwenye chujio la mkaa. Ya kusuuzia..." Akatazama bomba ukutani. "Nilisuuza mwenyewe. Jana asubuhi."

"Mama, mabaa yananisubiri!" dereva akaita.

"Zima gari."

"Kwa ajili ya maneno ya mtoto? Mapipa ishirini?"

"Nimesema zima."

Ameingia nyuma ya gari na ubao wa glasi. Nasikia mabomba ya mapipa yakifunguliwa moja moja. Dereva amekaa juu ya tairi la akiba, ananiangalia kama mtu aliyemwibia siku yake. Namuangalia na mimi. Kumbe ninaweza.

Kama nimekosea, nimemchelewesha mama wa watu mbele ya mabaa yote ya mji ninaotaka kuishi. Lakini sijakosea. Plasta ipo. Nina uhakika kama ninavyojua jina langu.

Simu ya Mamdogo inalia. Ni Mama, mapema hivi! Lazima ameshindwa kungoja mpaka jioni. Mamdogo hapokei. Ameiweka mapajani, inatetemeka, na kwa sauti yake ya ndani ya ndoo anasema, "Dada yangu, subiri kidogo," kana kwamba Mama anamsikia.

Mama Mapipa amerudi. Glasi sita. Zote zinafanana, namba zimeandikwa kwa penseli kwenye vikaratasi vilivyobandikwa chini, ambako sioni. Amempita Mamdogo. Ameziweka mbele yangu, juu ya kioo cha shimo, ameketi chini hapo hapo na mabuti yake, na anasema zingine ni za tangi, zingine ni za pipa, hataniambia ngapi.

"Anzia kushoto," anasema. "Na kwa sauti, mwanangu. Hiyo kalamu iweke chini."

Naiweka