Nilivyomvunja Ouma Mgongo Mbele ya Mama

Jumapili jioni, Suna. Mvua imetulia, lakini sketi yangu bado ina matope ya Kisegi na sina nguvu ya kuibadilisha.

Ouma amelala sakafuni, kwenye mkeka, karibu na kabati. Kitandani hawezi kupanda. Kila akijaribu kugeuka anatoa sauti ndogo, kisha ananiomba radhi kwa kunipigia kelele.

Wacha niandike kabla sijaanza kujitetea.

Mimi hufundisha watu mazoezi. Nina ukumbi mdogo wa kupiga chuma hapa mjini, mabati juu, simiti chini. Ouma ni mume wangu, na kazi yake ni kupakua mifuko ya simiti kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mgongo ulipoanza kumsumbua nilimwambia aje nimfundishe kuinua mzigo bila kujiumiza. Nikamwanzishia deadlift, ule mtindo wa kunyanyua chuma kutoka sakafuni hadi mapajani. Siku za kwanza alikuwa kichekesho. Aliinama kama mtu anayetafuta shilingi iliyomwangukia. Nami nikawa na maneno yaleyale kila siku: kifua juu, makalio nyuma, mgongo unyooke, chuma kikae karibu na mguu. Akikosea namgonga kiuno kwa mpini wa ufagio, wateja wakitazama. Alivumilia. Mwishowe akashika, na mgongo wake ukawa mnyoofu kuliko wa vijana wanaonilipa.

Ijumaa alimaliza zamu yake, akajipangusa jasho, akawaambia vijana hao, "Hapa yeye ndio mwalimu. Lakini nyumbani anajua mwenye kiti ni nani."

Wakacheka. Nami nikacheka, nikaendelea kufuta vyuma. Naamini alishasahau kabla hajafika mlangoni.

Mimi sikusahau.

Leo tulikwenda kwa gari kumwona mama yangu, Kisegi. Alikuwa ameanika mahindi uani, na gunia moja lilikuwa limeshajaa, limeegemezwa ukuta wa ghala. Wingu zito likaja kutoka upande wa ziwa. Kaka zangu wako mbali kikazi, na mkwe si mtu wa kubebeshwa mizigo kwa wazazi wa mkewe. Mama mwenyewe alimwambia, akininyooshea mimi kidole, "Ora, wewe kaa tu. Huyu atabeba." Ora ndivyo anavyomwita, maana yake mkwe. Lakini Ouma alikataa. Alitaka mama aone kwamba mgongo umepona na kwamba binti yake hakuolewa na mgonjwa.

Mama alikuwa kwenye kigoda, mlangoni mwa jikoni. Nyuma ya Ouma kabisa.

Kwetu, mwanamume na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Hali chakula mbele yake, hamshiki mkono ovyo, na kumwinamia akimwonyesha makalio ni aibu ambayo hata mlevi anaiepuka. Ouma analishika hilo kuliko mzee yeyote. Mama akiwepo, hata soda anainywa amegeukia pembeni. Na fundisho langu lote linaanzia kwenye kusukuma makalio nyuma.

Alisimama mbele ya gunia, akageuza shingo kidogo, akamwona mama. Upande wa pili ni ukuta, hakuwa na pa kuzungukia. Nilimwona akikwama.

Ningeweza kusema, "Mama, ingia ndani, mvua hiyo." Angeinuka aingie, na mambo yangeisha.

Nikasema, "Makalio nyuma, Ouma." Kwa sauti ya ukumbini.

Mama akainamisha macho. Masikio ya Ouma yalishuka kama ya mbwa aliyefukuzwa jikoni. Na mimi nilifurahi. Siwezi kuliandika kwa namna nyingine, nilifurahi, nikaona kiti cha Ijumaa kinamtoka chini yake mbele ya mtu anayemheshimu kuliko wote. Kwa hiyo nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi: "Toa makalio nyuma. Nimekufundisha mara ngapi?"

Akayaficha. Alivuta kiuno ndani, mgongo ukapinda kama siku ya kwanza, akalinyanyua gunia hivyohivyo. Lilifika magotini. Kisha akashuka nalo polepole, bila kupiga kelele, na hakuinuka tena.

Mvua ikaanza.

Nilitaka kumwingiza ndani, akakataa. Mkwe halali katika nyumba ya mama mkwe, na alijua akilazwa mle leo hatoki. "Usiite majirani," akaniambia. "Nipeleke kwa gari tu." Mama alisimama mlangoni, mikono kichwani, hawezi kumgusa. Mahindi yalilowa yote. Mume wangu naye alilowa, amelala kwenye matope ya uani kwetu.

Nikabaki mimi. Nikamkalisha kidogokidogo, nikachuchumaa mbele yake, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikafunga vidole nyuma ya mgongo. Akanishika shingo. Nilipoanza kuvuta nilimsikia sikioni, anahema, ananiita binti wa Kisegi kwa lugha yetu kama kawaida yake: "Kifua juu, Nyar Kisegi. Makalio nyuma. Usije ukaumia na wewe."

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anauogopea mgongo wangu.

Nilimwinua vizuri, sikukosea popote. Nilipofunga mlango wa gari mama alikuja karibu, leso imemlowa kichwani, akasema kwa sauti ya chini, "Ulijua nimekaa pale." Hakuwa anauliza. Nikaingia, nikawasha gari.

Barabara ni mbovu, na kila shimo lilimfikia. Muuguzi wa zahanati ya njiani alimdunga sindano ya maumivu, akasema mguu wa kushoto kufa ganzi si dalili nzuri. Kesho nitampeleka hospitali apigwe picha. Daktari atauliza ilikuwaje, na Ouma atajibu kwamba alikosea kuinama. Simiti hatapakua kwa muda mrefu, labda hatapakua tena. Hajui kazi nyingine.

Wema wake unaniudhi. Angenitukana njia nzima ningepumua.

Nikiwa naandika hapa ameniita. Nikaenda, nikainama karibu na uso wake. Akasema amewaza tangu Kisegi na roho inamuuma, kwa sababu nimepoteza muda wangu wote kumfundisha, halafu yeye ameenda kuniaibisha mbele ya mama yangu.

"Nisamehe," akasema. "Ulinionyesha vizuri. Mimi ndio sikushika."

Nikamwambia nimemsamehe.