Bwawa Lisilonywesha Ngamia

Eddo Halima, shangazi yangu,

Assalaamu aleikum kutoka mlimani, ambako ukungu unaingia hadi ndani ya kikombe cha chai na mimi nimevaa sweta juu ya sweta.

Lile bwawa la umeme unalolilalamikia nimeliona. Ni ukuta mdogo tu wa zege, mfupi kuliko mnara wa msikiti wetu. Kwa akili zangu za kwetu Bura, kwenye ukame na ngamia, nikamuuliza mzee Njeru, mlinzi wa lango la maji, "Ngamia hushukia wapi kunywa?" Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Nikafikisha ujumbe wako: "Shangazi yangu analima matikiti kando ya mto huu huu, kule chini Garissa. Anauliza mbona mnatufungia maji." Hakukasirika. Akasema maji yanashuka kwa bomba, yanazungusha mashine za umeme, kisha yanarudi mtoni yote. Sikumwamini. Nikateremka mwenyewe hadi yanapotokea, nikayakuta yana povu kama maziwa ya ngamia yaliyokamuliwa sasa hivi. Nikayanywa. Wallahi, yametumwa kazi nzito na hayajachoka.

Niliporudi juu, mzee akaniuliza, "Miaka yote hii nayaachia tu. Huko chini mnayafanyia nini?" Nikamsimulia shamba lako, mpaka utamu wa matikiti. Akaugeukia mto. "Msalimie sana," akasema.

Basi pampu yako ikivuta maji, ujue salamu zake zimo humo. Allah akuweke, Eddo wangu. Tikiti la kwanza nimeshamwahidi yeye bila kukuuliza. Sasa nigombeze mimi.

Wako,
Sahra