Nilijinyima Chakula Ili Mizani Inisifu

Mpendwa Mshauri Efrazia,

Naomba msaada, nikitanguliza radhi kwa kukuchosha na mambo ya mzee. Nina miaka sabini na mitatu, ni mgane, naishi Kibaha, jirani na Kwa Mathias, nyumbani kwa mwanangu Ndaki, na mara tatu kwa wiki nasafishwa damu kwa mashine kwa kuwa figo zangu zimekoma kufanya kazi. Kila tufikapo hupimwa uzito kwanza, na mwanzoni nilikuwa nazidi uzito niliopangiwa kwa kilo tatu, hata nne, ndipo nesi Naila, ambaye ni binti mwema na simlaumu, akaniuliza mbele ya wenzangu, “Babu, leo umetubebea Mto Ruvu wote?” nao wakacheka, nami niliyefunzwa na mapadre kwamba kukosolewa hadharani ni aibu, nikaazimia kuishinda ile mizani, nikapunguza maji, kisha chakula, mwisho nikawa sili kabisa siku ya kuamkia mashine, na mizani ikashuka, na Naila akasema, “Jamani, muigeni babu,” na Matano wa kitanda cha jirani akaniita hedimasta wa mizani, na nakiri kwamba sifa hizo zilinipendeza kupita kiasi.

Mkamwana wangu Yunis hunipikia mayai na sato, lakini kwa mila yetu sisi Wasukuma mkamwana haketi kumtazama baba mkwe akila, hivyo huweka sahani, akapiga goti, akaondoka, nami huwamwagia kuku, kisha namshukuru kwa chakula kitamu, na hilo ndilo linalonisuta zaidi. Mwezi uliopita daktari alisema protini katika damu yangu imeshuka, akauliza kama nakula, nikamjibu nakula vizuri, Mungu anisamehe. Jana asubuhi nilipokuwa nafunga vifungo vya shati, mkono wa kulia ulilegea, mdomo ukaenda upande, nikajaribu kumwita Yunis na maneno hayakutoka, zikapita kama dakika kumi, kisha yote yakarejea, nami sikumwambia mtu.

Septemba binti yangu Devotha anafunga ndoa Kisarawe, na nimeazimia kumsindikiza hadi altareni kwa miguu yangu mwenyewe. Je, ni adabu kuwasumbua watoto kwa jambo lililokwisha pita, au ningoje zamu yangu ya Alhamisi?

Niwie radhi kwa urefu wa barua.

Wako mtiifu,
Mzee Bundala

Shikamoo, Mzee Bundala.

Barua yako imefika asubuhi hii. Namba uliyoandika nimeipiga mara tatu, haipatikani, ndiyo maana nakujibu hewani na wengine nimewaomba wasubiri.

Jambo hilo halijapita. Mkono kulegea, mdomo kupinda na maneno kukwama ni dalili za kiharusi, hata zikidumu dakika kumi tu. Usingoje Alhamisi. Nenda hospitali sasa hivi, kitengo cha dharura, useme unasafishwa damu, mara ya mwisho ilikuwa lini, na dalili zilianza saa ngapi. Usimeze dawa ya kupewa na jirani. Bodaboda usipande, Ndaki atafute gari.

Nimemuuliza daktari wa figo. Kilo zinazopanda upesi kati ya zamu na zamu ni maji, na chumvi ndiyo inayokutia kiu. Si samaki wa Yunis. Ulipoacha kula, mwili ulianza kujila nyama zake, na mashine nayo huondoka na protini kidogo kila zamu. Mgonjwa wa figo aliyedhoofu kwa lishe duni huwa karibu zaidi na kiharusi kuliko mwenzake anayekula vizuri. Ulikuwa unasifiwa kwa kukonda, mzee wangu.

Nakuonea huruma, kuchekwa mbele ya watu kunauma. Lakini kumdanganya daktari anayekutafutia uhai, hilo halina adabu hata chembe. Na hao kuku wamenenepa vya kutosha.

Mila yenu naiheshimu, sikuambii uivunje. Ndaki ndiye aketi nawe kila mlo, na sahani irudi tupu. Daktari mwambie ukweli wote, kisha uonane na mtaalamu wa lishe akupangie mayai, samaki, chumvi na maji, maana kiasi chako si cha Matano. Usijishindilie kufidia miezi iliyopita. Zamu usiruke, vidonge vya presha usiruke.

Devotha anahitaji baba anayetembea. Zima redio, mwite Yunis, na usianze na samahani. Mwambie hivi: “Mkono wangu ulilegea. Nipelekeni hospitali.”