Siku Dereva wa Treni Alipokuja Darasani

Ijumaa. Mvua imeanza kabla kengele ya asubuhi haijagongwa na mpaka sasa, saa kumi jioni, haijakata. Njia ya kutoka shuleni imekuwa uji mtupu. Wenzangu wameondoka, nimebaki ofisini na madaftari ya kidato cha pili ambayo sina hamu nayo hata kidogo.

Nina jambo la kukiri.

Mwaka huu mkuu wa shule amenipa kipindi kipya, cha kuwasaidia wanafunzi wa kidato cha tatu kuzijua kazi mbalimbali kabla hawajachagua masomo. Kila Alhamisi mchana namleta mtu mmoja, anakaa mbele yao, wanamuuliza watakacho. Amekuja muuguzi, amekuja mpima ardhi, amekuja mama mmoja wa kijiji cha Kisawasawa anayefuga nyuki. Jana nilimleta Veneranda, dereva msaidizi wa treni za mizigo.

Nilisema namleta kwa ajili ya wanafunzi. Nilimleta kwa ajili yangu.

Alikuja na viatu vyake vya kazi, vizito, vimeingia matope ya Ifakara. Ana miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Mlimba, na anaongea kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Aliwaeleza wanafunzi kwamba ukiwa na mabehewa mengi nyuma yako unaanza kufunga breki mapema sana, mahali pa kusimama hata hujapaona, maana treni haina haraka ya kukutii. Mimi nilikaa dawati la nyuma kabisa. Nilikuwa na kalamu mkononi na sikuandika neno.

Nimekulia kijiji cha Mbingu, jirani na reli. Nilipokuwa kidato cha nne sikutaka kitu kingine duniani ila kuendesha treni. Fizikia niliipata kuliko wavulana wote wa darasa letu. Tangazo la mafunzo ya udereva wa treni lilipobandikwa stesheni nililinakili lote kwenye daftari, na barua ya maombi nikaiandika mara tatu ili mwandiko upendeze.

Basi jana mwanafunzi mmoja akasimama akauliza, "Dada, samahani, mkiwa safarini, usiku mnalala wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Veneranda naye akacheka.

"Kuna nyumba za wafanyakazi kwenye stesheni kubwa," akasema. "Wanawake tuna chumba chetu, kina kitasa. Blanketi tu ndilo natembea na la kwangu, yale ya pale siyaamini."

Akageukia swali jingine. Jibu lenyewe lilikuwa hilo tu, chumba na kitasa.

Mimi sikusikia tena lililoendelea kwa muda. Swali hilo niliwahi kuulizwa na baba yangu, tukiwa uani tunapukuchua mahindi. "Mwanangu, usiku utalala wapi?" Hakuwa mkali. Baba yangu ni mtu mpole, Mpogoro aliyehamia bondeni kutoka Mahenge kutafuta shamba la mpunga, na alitaka kujua tu. Mimi sikuwa na jibu. Niliona aibu kana kwamba amenifumania na uongo. Nikaichukua barua yangu nikaificha chini ya nguo kwenye sanduku. Baadaye nikaenda chuo cha ualimu.

Mume wangu nimemwambia baba alinikataza. Rafiki zangu nimewaambia hivyohivyo. Miaka ishirini na zaidi nasema hivyo, na nimemsingizia mzee wangu jambo asilolifanya.

Hakunikataza. Ni mimi mwenyewe niliyeacha kuipeleka barua.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kabla kipindi hakijaisha, Editha akanyoosha mkono. Editha ni binti mkimya, mama yake anakaanga samaki sokoni, na ndiye pekee ambaye redio ya ofisi yetu ikiharibika tunamwita. Akaniangalia mimi, siyo mgeni.

"Madam, na wewe ulitaka kuwa nani?"

Wote wakageuka. Veneranda pia.

"Mwalimu," nikasema. "Tangu nikiwa mdogo."

Sijui kwa nini. Lilitoka lenyewe, laini, kama salamu. Editha akasema asante madam, akakaa.

Jioni ile alikuja ofisini kuniletea fomu yake ya kuchagua masomo. Kwenye nafasi ya kazi anayoitarajia alikuwa ameandika fundi umeme, akakata kwa mstari, juu yake akaandika mwalimu. Fizikia nayo ameikata. Wino ulikuwa bado mbichi, umemchafua kidole.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nimeona bora nitake kitu kinachopatikana, madam. Kama wewe."

Nikamwambia akae. Nikamweleza yote: reli, tangazo, baba na swali lake, barua chini ya nguo. Kwa mara ya kwanza nilisema kwa mdomo wangu kwamba hakuna aliyenizuia. Alisikiliza ameinamisha kichwa, anakisugua kile kidole.

"Unaumia mpaka leo?" akaniuliza.

"Ndiyo. Napenda kufundisha, na bado naumia."

Akaomba fomu mpya, akaondoka nayo.

Leo asubuhi alikuja amelowa, fomu ameifunga ndani ya mfuko wa sukari. Shikamoo madam. Akaiweka mezani. Fundi umeme imeandikwa bila kukatwa, fizikia ipo, na chini kuna sahihi ya mama yake, ya herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara.

"Mama aliuliza kazi yenyewe nitaipata wapi," akasema. "Nikamwambia sijui bado."

"Akasemaje?"

"Akasema haya, lete kalamu."

Nilicheka, naye akacheka, kengele ikagongwa akakimbilia mstarini. Nilifurahi, Mungu ananiona. Ila nilipobaki na ile fomu mkononi nilimwonea wivu mtoto wa miaka kumi na sita, wivu wa kweli. Aliulizwa swali asilo na jibu lake, akasema sijui, na maisha yakaendelea. Mimi sikujua kama inaruhusiwa.

Nina miaka arobaini na mmoja. Mtu akiniuliza leo ninataka nini, nitathubutu kumjibu?