Komando Aliyeomba Maji

Nyamirambo, Kigali
Novemba 1994

Mama Rajabu,

Mimi mzima, mgongo tu unauma. Bado tunajenga ukuta wa msikiti.

Unasema Rajabu anataka ukomando. Juzi tulikuta bomu ndani ya kifusi nilichokuwa nakikalia nikila. Usishtuke. Wakaja makomando wa Zambia, walinda amani. Mkubwa wao akawarudisha vijana wake nyuma, akalala kifudifudi peke yake, akalitegua.

Silvère, fundi mwenzangu, akaninong'oneza, "Mkubwa gani huyu anatangulia?"

Sijaona mwanamume kama yule. Alipomaliza aliomba maji, lakini mikono ilimtetemeka hata kikombe kikamshinda. Nikamnywesha kama mtoto.

Usimkataze Rajabu. Ila msimulie na habari ya kikombe.

Mumeo,
Athumani